Sinema ya nyumbani ni hoja ya kufufua kumbi zetu

Tajiri anayejenga jumba leo, awe Los Angeles au Dubai, mara nyingi hutenga chumba kizima kwa ajili ya sinema. Hakiwekwi madirisha. Kuta huvishwa kitambaa kinachomeza mwangwi, viti vya ngozi hulazwa kama vitanda, na spika hupachikwa hadi darini ili mvua ya kwenye filamu isikike ikinyesha kutoka juu. Mfumo huo wa sauti kampuni ya Dolby iliuanzisha kwenye kumbi mwaka 2012, na miaka miwili baadaye ukaingia majumbani. Wengi hukiona chumba hicho kuwa majivuno ya fedha. Mimi naona ndani yake haja ya kweli ya binadamu, na haja hiyo ni ushahidi mzito kwa yeyote anayetaka kumbi za sinema zirudi katika miji yetu.

Hebu tuangalie kinachonunuliwa. Mwenye jumba hilo ana televisheni kubwa sebuleni, na filamu zote anazozitaka zimo kwenye simu yake. Kama kuiona picha kungetosha, asingejenga kitu. Anacholipia ni giza, utulivu na saa mbili zisizokatizwa na mtu. Hata Ikulu ya Marekani, ambako rais huletewa karibu kila anachokitaka, mwaka 1942 iligeuza chumba cha kuwekea makoti kuwa ukumbi mdogo wa sinema. Filamu inadai mahali pake, na wenye uwezo wanalijua hilo.

Mahali hapo palikuwa pa watu wa kawaida pia. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa Majestic pale Vuga, uliofunguliwa mwaka 1955. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon na Empress. Kwa bei ya tiketi, mchukuzi wa bandarini aliketi mbele ya skrini ambayo sebule yoyote isingeweza kuibeba. Visiwani yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyowapa akina mama nafasi ya kutoka bila kusemwa. Kisha zikaja kanda za video, majengo yakachakaa, milango ikafungwa. Mwenye kipato kidogo akabakiwa na kibanda umiza: benchi la mbao, joto, na televisheni inayotazamwa kwa kunyoosha shingo.

Wapo watakaosema nyumbani ni bora, kwa kuwa hakuna anayepiga soga wala kuwasha simu. Kero hizo ni za kweli, lakini dawa yake ni usimamizi mzuri wa ukumbi. Historia yenyewe ilishaamua jambo hili. Mwaka 1894 mjini New York, watu walilipa kuchungulia filamu za Thomas Edison, mmoja mmoja, kupitia tundu la kisanduku. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu wa Lumière walionyesha zao kwenye skrini mjini Paris, mbele ya watazamaji walioketi pamoja, na mwaka uliofuata Edison naye akahamia kwenye skrini. Kicheko cha watu mia kina nguvu ambayo spika haziwezi kuitengeneza.

Wengine watasema soko limeshahukumu, watu hawataki tena kumbi. Lakini mwaka 2023, miaka mitatu tu baada ya korona kuzifunga kumbi duniani, filamu ya Barbie iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4 kwa tiketi. Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba serikali ina hospitali na shule za kujenga kwanza. Nakubali, na ndiyo maana sidai majumba ya fahari. Tamasha la filamu la ZIFF limeonyesha kwa miaka mingi kwamba Ngome Kongwe ya Zanzibar, kuta za kale zisizo na paa, zinatosha kukusanya umati mbele ya skrini. Halmashauri zina kumbi za mikutano zinazolala tupu kila jioni. Zipangishwe kwa bei nafuu kwa watakaoleta projekta nzuri, na filamu za wasanii wetu zipewe zamu yake. Raha ambayo tajiri anaijengea chumba inamstahili pia mwenye tiketi ya shilingi elfu chache.