Nani anajua ni boti ngapi zinavuka Ziwa Kivu?

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ukingoni wanaitazama. Baadaye siku ile liwali wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278 na wafu 78. Siku zilizofuata zikatoka hesabu nyingine, na hazikupatana. Familia zilizunguka hospitali na vyumba vya maiti zikitafuta watu wao.

Mengi yalisemwa wiki ile: boti ilijaa kupita kiasi, barabara ya Minova kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita, jile za kuokoa maisha zilikosekana. Hayo tulikuwa tumeyasikia mwezi wa nne 2019, boti nyingine ilipozama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akazungumzia watu 150 waliopotea, kisha ikaagizwa kila abiria avae jile. Mimi ninarudi kwenye swali dogo ambalo halikuulizwa sana. Kabla ya kuzama, boti ile iliandikwa wapi? Sisemi karatasi ya kodi iliyo mfukoni mwa mwenye boti. Ninasema: mama wa Minova, au mtoto wake aliye Kampala, angesoma wapi kwamba boti hii inabeba watu wangapi, inasafiri siku gani, ilikaguliwa lini na nani?

Nilijaribu kutafuta mwenyewe. Nilienda kwenye ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, nikamsalimia mzee aliyekuwa mezani, nikamwomba orodha ya boti zenye ruhusa ya kubeba abiria. Akanionyesha daftari kubwa lenye jalada la bluu. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyesoma zamani: jina la boti, urefu, mota, idadi ya abiria. Nikamwambia: "Mzee, naweza kupiga picha kurasa hizi?" Akafunga daftari polepole. "Mwandishi, hii ni karatasi ya kazi. Uandike barua."

Barua niliandika. Jibu halijakuja. Lakini wiki chache baadaye, kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi katika mradi wa shirika lisilo la serikali alinifungulia kompyuta yake, na humo nikakuta orodha karibu ileile, imepangwa safi katika Excel, pamoja na alama za bandari kwenye ramani. Mradi uliisha, pesa ikaisha, faili ikabaki kwake. Akinunua kompyuta nyingine, basi. Kwa hiyo data ziko. Watu wamezikusanya zaidi ya mara moja, pengine kwa pesa nyingi. Kitu ambacho hatuna ni mahali pa umma ambapo zimeandikwa kwamba zipo.

Ninaliita daftari la umma. Wataalamu wanasema katalogi ya data wazi. Si lazima iwe jambo kubwa. Ni ukurasa mmoja kwa kila faili: faili hii inahusu nini, nani aliitengeneza, lini, inasasishwa kila baada ya muda gani, nani anaruhusiwa kuitumia na kwa masharti gani, na jina la ofisi ya kuuliza ukiona kosa. Faili yenyewe unaipakua hapo chini. Bila ukurasa huo, faili ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: yupo nyumbani, lakini shule haimjui.

Jambo linaloniudhi, na ninalisema bila kumlaumu mtu wa nje, ni kwamba wengine wanatuandika vizuri kuliko sisi tunavyojiandika. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Anvers, Ubelgiji, pamoja na watafiti wa hapa kwetu, ilihesabu bariere za barabarani katika Kivu mbili na kupata 798, kila moja na mahali pake na watu wanaoishika. Ukitaka barabara za Kongo nzima, au viwanja vyake vya ndege, utavikuta kwenye HDX, katalogi iliyofunguliwa mwaka 2014 na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada. Sehemu kubwa ya barabara hizo zinatoka OpenStreetMap, na huko wamo vijana wetu waliochora mitaa ya Goma na Bukavu bila kulipwa hata franga moja. Kazi ni ya mtoto wa Himbi au Kadutu. Anayejua namna ya kuipata ni mtu wa ofisi ya Geneva.

Mfano wa jirani unasaidia. Nairobi, kama kwetu, usafiri mwingi uko mikononi mwa watu binafsi, na kabla ya mwaka 2012 hapakuwa na ramani kamili ya njia za matatu. Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo viwili vya Marekani, Columbia na MIT, wakaanzisha kazi waliyoiita Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo, njia baada ya njia, mpaka zikapita 130. Walichozaa ni mafaili machache ya maandishi kwa mpangilio unaoitwa GTFS, ule ambao miji mingi duniani inautumia kueleza njia, vituo na saa za usafiri. Wakayaweka wazi. Ramani ya karatasi ikatoka kwa wasiokuwa na simu kubwa, na mwaka 2015 njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps.

Watu wengi wanaishia hapo wanaposimulia habari hii. Mimi ninaona fundisho lipo baada ya shangwe. Matatu hubadilisha njia, kituo kinahamishwa, barabara mpya inafunguliwa. Faili lisilo na mwenyewe huzeeka na kuanza kudanganya. Ndiyo maana Wafaransa, kwenye katalogi yao ya taifa ya data za usafiri, transport.data.gouv.fr, wanaonyesha muda ambao kila faili la ratiba ni halali. Muda ukipita, ukurasa unasema wazi kwamba faili limekwisha, kama dawa ya famasia iliyopita tarehe. Hakuna aibu kwa hilo. Aibu ni kumpa mtu ratiba ya mwaka juzi ukamwambia ni ya leo.

Kwa Ziwa Kivu tunaweza kuanza chini kabisa. Faili la kwanza liwe la bandari: Kituku, bandari ya Bukavu, Minova, Kalehe, zile za Idjwi, na vile vituo vidogo ambavyo kila mtu anavijua na hakuna karatasi inayovitaja. La pili liwe la boti: jina, idadi ya abiria inayoruhusiwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho. La tatu, siku na saa za kutoka. Katika GTFS usafiri wa majini una namba yake, namba 4, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni kitu. Na maelezo ya ukurasa yaandikwe pia kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake, sababu anayepanda boti na gunia la vitunguu ndiye anayepaswa kusoma.

Najua wenye boti watasema nini, maana wameshaniambia. Kwetu kuandikwa ni kulipa. Anayekuja na kalamu leo, kesho anarudi na risiti, na keshokutwa anakuja mwenzake wa huduma nyingine na risiti yake. Mtu aliyezoea kulipa kwenye bariere, kisha bandarini, kisha tena anaposhuka, ana haki ya kuogopa orodha. Hofu hiyo ni ya kweli, na mtu asiidharau kwa kusema tu maneno matamu ya uwazi. Kwa sababu hiyo ninaona katalogi yenye majina ya boti peke yake itakufa, au itakuwa silaha. Iandikwe pamoja na faili jingine ambalo wenye boti wanalitaka: kodi na malipo yote halali, bandari kwa bandari, kiasi gani, kwa ofisi gani, kwa sheria gani. Mwenye boti akiombwa pesa isiyo kwenye orodha, aonyeshe simu yake. Hapo tu ndipo ataona faida ya kuandikwa. Ofisi itakayokubali kuhesabu boti na kukataa kuandika malipo yake itakuwa imejieleza.

Kuna hofu ya pili, ya vita, nayo ni nzito. Wengine wananiuliza: unataka kuweka njia zetu wazi wakati watu wenye silaha wako kila upande? Ninajibu kwamba anayeshika bariere anaijua bariere yake. Asiyeijua ni msafiri. Hata hivyo si kila kitu kiwekwe wazi. Majina ya abiria yabaki bandarini na kwa waokoaji, yasitoke nje ya hapo isipokuwa siku ya ajali. Namba za simu za wenye boti hazina kazi kwenye faili la umma. Mahali boti au gari la misaada liko dakika hii, hapana. Katalogi nzuri inaweza pia kuandika kwamba data fulani ipo, iko kwa nani, bila kuifungua. HDX inafanya hivyo kwa faili nyeti, na anayehitaji anaomba.

Na nani ataandika? Tangu mwanzo wa 2025 Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, Kinshasa iko mbali, na uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu mapigano yale, kwa hiyo ziwa ni moja ya njia chache zilizobaki. Sahihi ya ofisi moja inaweza kukataliwa na ofisi nyingine. Kwa sasa mimi ningewaachia vyuo vikuu vyetu, makundi ya wachora ramani na vyama vya wenye boti waanze, waandikishe mafaili yao kwenye katalogi isiyo ya upande wowote, tarehe na jina la kundi vikionekana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema asubiri vita viishe. Siku serikali itakapokuwa na katalogi yake ya usafiri, itakuta kazi imefanyika, na italazimika kuendeleza kitu ambacho raia wamekwisha kukizoea. Ni vigumu zaidi kufunga mlango ambao watu wanapita kila siku.

Sitadanganya kwamba faili linaelea majini. Boti iliyojaa kupita kiasi itazama hata kama imeandikwa vizuri, na mkaguzi anayekula rushwa hatabadilishwa na ukurasa wa intaneti. Lakini abiria aliye ukingoni anayejua kwamba boti ile inaruhusiwa kubeba watu 80, na anaona mstari wa watu 200 mbele yake, ana kitu cha kumwambia nahodha. Leo hana. Na siku mbaya ikifika, waokoaji watakuwa na namba ya kuanzia, badala ya kubishana kwenye mikrofoni wakati mama anasubiri mlangoni kwa chumba cha maiti.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mzee, kumuuliza habari ya barua yangu. Hakuwa na jibu, ila alinipa kiti. Daftari la bluu lilikuwa palepale mezani, chini ya glasi ya chai. Nilipoliangalia kwa ukingo wake, sidhani kama kurasa zilizoandikwa zinapita thelathini. Mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta angezinakili kwa siku mbili.