Nusu Saa ya Mama Mzazi

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imewafanya wengi wetu wadhani kwamba mwanamke akishajifungua salama na mtoto akalia, basi aliyebaki kuangaliwa ni mtoto peke yake. Kila mgeni apigaye hodi huuliza, "Mtoto hajambo?" Ni wachache wamkumbukao mama na kumwuliza kama amelala, kama amekula, na kama moyo wake umetulia.

Moyo huo wahitaji kuangaliwa. Katika siku chache za mwanzo wanawake wengi hulia bila sababu waijuayo, hukasirika upesi na kushikwa na wasiwasi. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe katika muda wa majuma mawili. Ikizidi hapo, mama akawa hafurahii jambo lolote, hapati usingizi hata mtoto anapolala, hana hamu ya chakula na ajiona hafai kuwa mama, huo si uvivu, si deko, wala si mkono wa mtu. Ni ugonjwa, na jina lake ni sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na matatizo ya afya ya akili, hasa sonona.

Ugonjwa huu una ushauri wake na dawa zake hospitalini. Lakini ipo pia kinga iliyo karibu na kila nyumba, nayo ni mazoezi ya mwili. Utafiti umeonyesha kwamba mazoezi ya kadiri huwapunguzia wazazi huzuni na wasiwasi. Mwaka 2020 Shirika hilo lilishauri kuwa mama aliyejifungua, kama hana kizuizi cha kiafya, apate walau dakika 150 za mazoezi kila juma. Zikigawanywa kwa siku tano, ni nusu saa tu kwa siku. Si lazima akimbie. Kutembea kwa mwendo wa kumfanya apumue haraka kidogo, huku akiweza kuzungumza, kwatosha. Na akishindwa nusu saa kwa mkupuo mmoja, aanze na dakika kumi.

Hapa ndipo mila zetu zinapotajwa. Pwani mzazi hukaa ndani arobaini, akakandwa kwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga. Kwa Wachagga huletewa mtori. Mila hizo zilikuwa na hekima kubwa, kwani zilimpa mama chakula, mapumziko na watu wa kumsaidia. Lakini mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, mara nyingi tumebakiza mlango uliofungwa, na mama, shangazi na bibi wamebaki kijijini. Mzazi hushinda peke yake na kichanga, tangu mume aondokapo alfajiri hadi arudipo jioni. Hayo si mapumziko, ni upweke.

Basi aanzeje? Aliyejifungua kwa njia ya kawaida, bila matatizo, aweza kutembea polepole mara ajisikiapo ana nguvu, na kukaza misuli ya chini kama azuiaye mkojo, akihesabu hadi tano kisha akailegeza. Aliyepasuliwa atembee kidogo kidogo, asinyanyue ndoo ya maji wala mzigo mwingine mzito, na azidishe mazoezi baada ya kuruhusiwa na daktari. Wapo wasemao kwamba kutembea hukausha maziwa. Sivyo, muhimu ni mama ale vizuri na anywe maji ya kutosha. Lakini akitokwa na damu nyingi, akipata homa au kizunguzungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, aache mazoezi na aende hospitali mara moja.

Swali gumu si la miguu ya mama, bali ni hili: nani atamshika mtoto? Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 84, na baba siku zisizopungua 3. Siku tatu hupita upesi, lakini jioni zipo nyingi. Baba atokapo kazini amchukue mtoto aliyekwisha kunyonya, na mama atoke nje. Wapangaji wenzake nao waweza kupokezana, na jirani akamsindikiza, kwa kuwa mazungumzo ya njiani nayo ni tiba. Kumwambia mzazi afanye mazoezi bila kumpokea mtoto ni kumwongezea kazi juu ya kazi.

Hata hivyo, tusiyatwike mazoezi mzigo yasiouweza. Sonona ikiendelea, mama apelekwe kituo cha afya. Na mzazi asemaye kuwa heri afe, aogopaye kumdhuru mwanawe, au asikiaye sauti wasizozisikia wengine, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake hata kidogo.

Ndugu msomaji, ukienda kumpongeza mzazi juma hili, peleka sabuni na kanga kama ilivyo desturi. Kisha nawa mikono, mpokee mtoto, na umwambie mama yake, "Nenda katembee, mimi nipo."