Kilomita 800 ziliishia wapi?
Wasee, chuo niliacha lakini hii hesabu naiweza. 2019 Tesla walituonyesha Cybertruck, wakasema ile ya bei ya juu itapita kilomita 800 kwa chaji moja. Kufika kwa wateja mwisho wa 2023, hakuna hata moja iliyofika 550. Na watu walikuwa wameweka dola 100 za kushika nafasi miaka minne!

Hizo namba zenyewe ni za gari bila trela. Fungia Ford F-150 Lightning trela nzito, masafa yanaweza kukatika nusu. Sasa pikapu ni ya kubeba hewa? Mimi nataka namba mbili kwa tangazo: ikiwa tupu, na ikivuta mzigo. Bila hiyo ya pili, usiniitishe hata shilingi.