Kipaimara Kimekuwa Kwaheri

Jumapili moja baada ya kipaimara nilisimama mlangoni mwa kanisa letu hapa Dar es Salaam, mzee wa kanisa wa zamu, nikiwasubiri vijana 36. Wiki iliyotangulia tu walikuwa wamepiga magoti mbele ya madhabahu, wakaahidi kwa sauti kwamba watadumu katika imani mpaka kufa. Niliwasubiri ibada ya kwanza. Nikawasubiri ibada ya pili.

Walikuja watano.

Watano! Na wiki ile ya kipaimara usingepata pa kukanyaga. Magari yalifunga barabara. Wapiga picha walipanda juu ya viti wakati mchungaji anawawekea watoto mikono. Shangazi alivaa sare, mjomba alisafiri kutoka Moshi usiku kucha. Mchana kila familia ina ukumbi wake, keki yake, mshereheshaji wake. Miaka miwili ya mafundisho ikaishia kwenye sinia la pilau na bahasha za hongera. Jioni mtoto akavua vazi jeupe, likakunjwa, likaingia kabatini pamoja na Biblia aliyopewa siku hiyo.

Mkristo mwenzangu, nikuulize. Ile Biblia ya mwanao iko wapi sasa hivi? Iko chumba gani?

Tumekigeuza kipaimara kuwa mahafali. Mtoto amehitimu kanisa, tutaonana siku ya harusi yake. Wala hakulibuni jambo hili mwenyewe. Mwana hutazama kisogo cha nina, na huyu alikitazama vizuri sana. Kila Jumamosi aliletwa na bodaboda, akashushwa getini, akarudishwa na bodaboda. Kuna wazazi ambao kwa miaka miwili sikuwaona sura. Niliwajua kwa sauti ya simu: "Mzee, mchango wa kipaimara ni shilingi ngapi, niutume?" Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniuliza mtoto wake anafundishwa nini. Hata mmoja!

Halafu mtu ananiambia nisiwe na wasiwasi, makanisa yamejaa, mbona tunajenga mapya kila kukicha? Yamejaa akina nani? Jumapili hii geuka nyuma uhesabu wanaume. Hesabu vijana wa miaka 20. Kisha njoo jumuiya, kule kusikokuwa na kwaya wala spika, uone Ukristo wetu ukiwa hauna nguo za Jumapili.

Daftari la jumuiya yangu lina familia 41. Alhamisi iliyopita tulikuwa watu saba: akina mama watano, binti aliyemsindikiza bibi yake, na mimi. Tuliombea wagonjwa. Nyumba ya pili, gari la msharika mwenzetu limeegeshwa uani, taa zinawaka, kelele za mpira zinatufikia hadi kwenye sala ya Bwana.

Lakini ita kikao cha harusi! Kikao cha harusi hakikosi akidi. Mvua inyeshe, foleni ya Mbagala iwe ndefu kama nini, watu wanafika. Ahadi zinasomwa jina kwa jina, asiyefika anapigiwa simu papo hapo, na anaona aibu. Kumbe muda tunao. Fedha tunazo. Nidhamu tunayo. Mungu ndiye hatuna nafasi naye.

Mpaka tufe. Hapo ndipo simu zinaanza. Saa tano usiku: "Mzee, tusaidie, kesho tunazika, mchungaji anauliza kama marehemu alikuwa msharika hai." Watoto wazima, wasomi, wanapekua droo za baba yao wakitafuta bahasha ya sadaka, hata moja, hata ya miaka mingi iliyopita, ili mzee wao asizikwe bila ibada. Mwaka huu nimeipokea simu hiyo mara tatu. Nimewasikia wakilia, na sikuwa na la kuwaambia.

Unadhani natia chumvi? Haya, tazama tulikotoka.

Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipanda Kilimanjaro. Miaka mitatu baadaye vijana wawili wa misheni hiyo, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru kabla hata ya kujenga nyumba. Wakaja wengine. Ndivyo walivyoamini babu zetu, wao kwa wao wakahubiriana, wakafundishana kusoma, na leo kanisa letu, KKKT, ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani.

Sasa nenda Leipzig kwenyewe. Wakazi wengi wa mji ule leo hawana dini yoyote.

Utaniambia ni Wakomunisti waliotawala huko. Ni kweli, mwaka 1968 walililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu katikati ya mji. Lakini mwaka 1989, chini ya macho ya makachero, kanisa la Mtakatifu Nikolai katika mji huohuo lilifurika watu kwa sala za amani kila Jumatatu, mpaka utawala ule ukatikisika. Hatari ilijaza viti. Uhuru ulipokuja, viti vikabaki peke yake.

Na upande wa magharibi wa nchi hiyo, ambako hakuna aliyelipua kitu? Mwaka 2022 peke yake, zaidi ya watu 500,000 walijiondoa rasmi katika Kanisa Katoliki la Ujerumani, na wapatao 380,000 katika makanisa ya Kiinjili. Kuna kodi ya kanisa, kuna kashfa za mapadre, nakubali. Lakini mtu haachi nyumba anayoipenda kwa sababu ya kodi. Wengi wao walishatoka moyoni zamani. Walikuwa watoto wa wazazi waliokwenda kanisani Krismasi, ubatizo na mazishi.

Kama nani? Kama sisi.

Najua unachotaka kusema. Wachungaji! Harambee juu ya harambee, mnada wa kuku na ndizi saa nzima baada ya ibada, mwanasiasa kupewa kipaza sauti kwa sababu ya bahasha yake. Ni kweli, na inaudhi, na tuwaambie usoni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa fedha alizozitoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto, kumbe inawezekana. Lakini usijifiche nyuma ya mchungaji. Ni mchungaji aliyekuzuia kusali na wanao jana usiku?

Moyo wa mtu haukai mtupu. Kijana tuliyemwachia mlango wa kanisa yuko kwenye kibanda cha kubeti, mkeka mkononi, akisubiri muujiza wa timu za Ulaya. Mwenzake yuko kwenye foleni ya nabii, akinunua mafuta na maji ya baraka. Asiyelijua Neno ataamini neno lolote. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili, ikapita 400, mingi ya waumini walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiko kwenda kwa Yesu. Kulikuwa na watoto humo, mwenzangu. Watoto! Na wewe bado unaona mafundisho ya Jumamosi ni jambo la bodaboda?

Amka. Nakuamsha kwa hasira kwa sababu nami nililala. Mwanangu wa kwanza alipata kipaimara nikaalika watu 200, na leo ana miaka 27, ukimtaja Kristo anainuka na kwenda kupokea simu. Ningetoa ukumbi ule, keki ile na wageni wale wote, nipate jioni kumi tu za kukaa naye mkekani akiwa na miaka minane.

Wewe wako labda bado ana minane. Jumapili ibada yetu ya kwanza inaanza saa moja asubuhi. Usimtafutie bodaboda. Mshike mkono, uingie naye, ukae naye.

Na Alhamisi jumuiya iko kwangu. Tuko saba.