Roboti Alinifungia Ripoti, na Bado Mnaniambia "Karibu Uchangie"

Wasee, hii nimeikalia wiki mbili na leo naitema.

Mwaka huu nimekuwa nasaidia kikundi cha akina mama pale Gatwekera, Kibera, kuandikisha vibanda vya maji kwa simu. Programu yenyewe ni huria, msimbo wake uko wazi GitHub. (Wengi mnasema "kodi", lakini kwetu Kawangware ukitaja kodi watu wanadhani landilodi amefika.) Tukagundua kitu: mtandao ukikatika katikati ya kutuma, simu yenye nafasi kidogo inafuta fomu nzima. Mama amesimama juani akiuliza watu maswali 20, yote yameenda.

Nikarudi Kawangware, nikaingia saiba, nikaandika ripoti. Modeli ya simu, toleo la Android, hatua za kurudia hitilafu moja baada ya nyingine, picha za skrini. Jioni nzima na pesa ya saiba juu.

Kimya.

Siku 60 baadaye roboti akabandika ilani: hakuna shughuli hapa. Siku 7 tena, akafunga. Hakuna binadamu aliyeandika hata neno moja. Na hizo 60 na 7 mnajua zinatoka wapi? Ni mpangilio ambao roboti wa aina hiyo huja nao kabla hujagusa chochote. Yaani hata kunipuuza hakuna mtu aliyekaa chini akaamua.

Najua mtanijibu: watunzaji wanajitolea, wamechoka. Ni kweli, na sisi vijana tumechangia kuwachosha. Oktoba 2020, kwenye Hacktoberfest ya DigitalOcean, michango 4 ilikupatia tisheti. Watu wakamwaga takataka, mtu anaongeza neno moja kwenye README halafu huyo, anangoja tisheti. Ikabidi waandaaji wabadilishe sheria mwezi ukiendelea, mradi uingie tu ukikubali wenyewe. Sitetei hiyo. Lakini dawa ya takataka ni mtu kusema hapana. "Simu hizo hatuzishughulikii tena." Mstari mmoja! Ningenuna, halafu Jumatatu ningewaambia akina mama tutafute programu nyingine. Badala yake tumekaa miezi miwili tukingoja, na fomu zikipotea.

Msiniambie haiwezekani, kwa sababu Nairobi imeshafanya. Ushahidi ilianza Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, na watu walituma ripoti za walichokiona. Ripoti ilionyeshwa kama imethibitishwa au bado. Hiyo "bado" ni neno kubwa sana, inamwambia aliyeripoti kwamba amesikika hata kama hajaaminiwa. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera wakatembea na GPS wakachora vichochoro, vyoo na shule kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani za mtandaoni zilikuwa karibu tupu. Kule badiliko lako linaingia kwanza, lina namba na jina lako, na ukikosea mtu anakuandikia pale pale. Si mbingu, kuna ubishi wa kutosha, lakini unabishana na mtu.

Kwa hivyo mkija kwa hafla zenu kutuambia vijana wa mtaa tuchangie ndio tupate kazi, kwanza mtuonyeshe ni nani anasoma. Weka mtu mmoja wa zamu kila wiki. Kama hamna mtu, andikeni wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ripoti hazisomwi, tusimalize pesa.

Jana usiku nimeifungua upya ile ripoti. Kama simu yako imewahi kufuta fomu hivyo, nitumie inbox nikupe linki, uongeze modeli, toleo la Android na nafasi iliyobaki kwenye simu. Tafadhali usiandike "hata mimi" peke yake.