Kazi Wamepewa, Chumba Je?

Mwezi wa Juni mwaka 2017 mji wa Kochi, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, ulizindua reli yake ya mjini. Pamoja na mabehewa mapya, wasimamizi wa reli hiyo walikuwa na habari nyingine iliyosifiwa hata nje ya India: walikuwa wamewaajiri watu 23 waliobadili jinsia, baadhi yao wakate tiketi na wengine wafanye usafi wa vituo. Hazikupita siku nyingi, wanane miongoni mwao wakaacha kazi. Hawakufukuzwa, wala hawakushindwa na kazi yenyewe. Wenye nyumba wa mji ule walikataa kuwapangisha vyumba, na kulala katika nyumba za wageni kila siku ni gharama asiyoiweza mkata tiketi.

Tumeona yafaa kuanza na kisa hiki kwa sababu tunalisikia mara kwa mara swali lile lile, barazani na hata katika barua za wasomaji wetu: kwa nini watu hawa wasitafute kazi ya halali, badala ya kusimama barabarani usiku wakiuza miili yao? Huko Kochi walitafuta, wakapata, wakavaa sare. Mwenye nyumba aliyewafungia mlango mchana ndiye huyo huyo ambaye usiku huwalaani wanaosimama chini ya dirisha lake.

India ina jamii ya kale ya watu hawa, wanaoitwa hijra. Kwa karne nyingi wameishi kwa makundi chini ya walezi wao, wakialikwa kuimba na kubariki penye arusi au mtoto mchanga. Hawakuwa wakiishi kwa raha siku zote, lakini walikuwa na mahali pao. Ndipo serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipotunga sheria ya mwaka 1871 juu ya makabila yaliyodaiwa kuwa ya wahalifu, na ndani yake ikawapa hijra sehemu yao wenyewe. Walitakiwa kuandikishwa katika daftari. Aliyeandikishwa, akionekana hadharani amevaa nguo za kike au akicheza ngoma, aliweza kukamatwa bila hati na kufungwa hadi miaka 2. Alinyimwa haki ya kulea mtoto mdogo, ya kuandika wasia, hata ya kutoa zawadi ya mali yake mwenyewe. Watu waliozoea kuishi kwa baraka za arusini wakageuzwa wahalifu kwa kalamu ya karani. Sheria hiyo ilifutwa baada ya uhuru, ila dharau iliyoandamana nayo haikufutika.

(Wasomaji wetu wasidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ndiyo iliyotumika Kenya na Tanganyika pia, hadi ilipobadilishwa mwaka 1930.)

Tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India ilitamka kwamba hijra na wenzao ni jinsia ya tatu mbele ya sheria, na kwamba mtu ana haki ya kujitambulisha mwenyewe jinsia yake. Iliagiza pia watengewe nafasi katika masomo na katika kazi za serikali. Hukumu ilikuwa njema. Lakini sheria ya bunge iliyofuata mwaka 2019 iliweka adhabu ya miezi 6 hadi miaka 2 kwa atakayemdhulumu kimwili mtu aliyebadili jinsia, ilhali aliyembaka mwanamke alikuwa akipata kifungo kisichopungua miaka 10. Maumivu ni yale yale; bei ndiyo iliyotofautiana.

Wapo watakaotuambia kwamba kusema hivi ni kutetea uasherati. La, hasha. Hatumshauri mtu yeyote auze mwili wake, na tunajua wengi wanaoifanya kazi hiyo wangeiacha kesho laiti wangepata nyingine. Tunalokataa ni mazoea ya kumwona mtu wa namna hiyo kuwa hana wa kumlilia. Mwaka 1999 mwanamke mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo aliuawa kwa kipigo mjini Kolkata. Muuaji alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2011 mahakama ile ya juu, baada ya kuitupa rufani yake, haikulifunga jalada. Iliuliza: wenzake marehemu walio hai wanaishije? Kutokana na swali hilo yalitoka maagizo ya Septemba 2020, wakati wa maradhi ya korona, kwamba wapewe posho ya chakula bila kudaiwa vitambulisho. Na ya tarehe 19 Mei 2022, kwamba polisi wawatendee kwa heshima impasayo kila raia.

Wenyewe nao hawakukaa kitako. Katika mtaa wa Sonagachi, Kolkata hiyo hiyo, tangu mwaka 1995 wana umoja wao, unaowakubali pia waliobadili jinsia, na wana ushirika wa kuweka na kukopa uitwao Usha. Mtu ambaye benki haimtaki huweka akiba yake huko, akaepukana na mkopeshaji wa riba.

Katika maagizo yale ya mwaka 2022 limo moja linalotuhusu sisi wa magazeti. Mahakama ilitaka vyombo vya habari visitoe majina wala picha za wanaokamatwa katika misako ya namna hiyo. Tunakiri kwamba tumechapisha picha kama hizo: watu wamejifunika nyuso kwa khanga, taa ya mpiga picha ikiwamulika, na chini yake maneno ya kejeli. Hatukuwahi kurudi kuuliza ni wangapi walioachiwa na mahakama, wala ni wangapi waliokuta vitu vyao vimetupwa nje ya chumba asubuhi gazeti lilipotoka. Kuanzia toleo la leo hatutachapisha picha za aina hiyo, na mwandishi atakayeleta habari ya msako atatakiwa alete pia habari ya mwisho wa kesi.