Nani Atamfundisha Mtoto Huyu Kusema? Uhaba wa Wataalamu wa Usikivu na Usemi Nchini

Kila mwaka parokia zetu zinapowaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, makatekista hukutana na watoto wasiojibu maswali. Wengine hawakujifunza, wengine wana haya. Lakini wapo ambao kigango kizima kimekwisha kuwapa jina. “Huyo ni bubu, Padre, tumwache tu.” Ukiuliza ni nani aliyempima masikio, jibu ni kwamba hakuna. Mtoto ana miaka kumi, ameandikishwa shuleni, amechanjwa, amepimwa uzito kliniki mwezi baada ya mwezi, lakini hakuna aliyewahi kuchunguza kama anasikia. Wengi wa hao tunaowaita mabubu hawana kasoro yoyote ya ulimi wala ya koo. Hawasemi kwa sababu hawakupata kusikia maneno ya kuyaiga.

Jambo hili huonekana kuwa la huruma na sadaka. Mimi naliona kuwa pia ni suala la ajira, la sheria na la bajeti, na kwa sababu hiyo linastahili kujadiliwa kama tunavyojadili uhaba wa wauguzi au wa walimu wa hisabati.

Zipo taaluma mbili ambazo waamini wengi hawajazisikia. Ya kwanza ni ya mtaalamu wa usikivu, anayepima kiwango cha kusikia, kuchagua shimesikio na kulirekebisha lilingane na sikio la mhusika. Huyu si daktari wa masikio, pua na koo. Daktari hutibu ugonjwa na kupasua, naye hushughulikia usikivu wenyewe. Ya pili ni ya mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Kazi yake ni pana kuliko watu wanavyodhani: mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, mwenye usonji, aliyezaliwa na mdomo sungura akashonwa lakini maneno yakaendelea kutokea puani, na mzee aliyepooza kwa kiharusi akapoteza maneno. Ni yeye pia anayemfundisha mgonjwa wa kiharusi kumeza salama. Familia nyingi zinazomuuguza mzee nyumbani hazijui kwamba uji ukipotea njia na kuingia mapafuni unaweza kumletea homa ya mapafu ikamuua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 ripoti yake ya kwanza kuhusu usikivu duniani. Ripoti hiyo ilisema kwamba watu milioni 430 wanahitaji huduma ya utengemao kwa sababu ya upungufu wa kusikia, yaani zaidi ya asilimia 5 ya wanadamu wote. Katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 93 hazifikishi mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja, na ni asilimia 17 tu zilizo na angalau mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi kwa idadi hiyo ya watu. Tanzania ilipandishwa na Benki ya Dunia kuingia kundi la nchi za kipato cha kati mwezi Julai 2020, lakini masikio ya watoto hayaponi kwa kubadilishiwa kundi. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Dodoma watu zaidi ya milioni 3. Tukitumia asilimia 5 ile ya dunia kama makadirio tu, tunazungumzia watu wapatao laki moja na nusu katika mkoa wetu peke yake. Hata tukifikia kile kipimo hafifu cha mtaalamu mmoja kwa watu milioni, mkoa mzima, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, utakuwa na watatu.

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kusomea taaluma hizi alilazimika kuvuka mpaka. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Katika miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeanzisha shahada inayounganisha taaluma zote mbili, ya usikivu na ya usemi. Wapo wanaolalamika kwamba kuunganisha ni kumpunguzia mwanafunzi ubobezi, na ni kweli kwamba Marekani hizo ni taaluma mbili, kila moja na masomo yake marefu ya juu. India, hata hivyo, imewaandaa wataalamu wake kwa njia ya kuunganisha kwa muda mrefu. Kwa hali yetu naona njia hiyo ndiyo ya busara. Hospitali ya wilaya iliyopata nafasi moja tu ya ajira itafaidika zaidi na mtu anayeweza kupima sikio asubuhi na kumfundisha mtoto matamshi mchana.

Nikisema nafasi moja ya ajira, nimefika kwenye kiini cha tatizo. Katika utumishi wa umma mtu haajiriwi kwa kuwa anahitajika tu. Kada yake lazima iwe na muundo wa utumishi unaoeleza aanze na cheo gani na apandeje, kisha nafasi iingizwe katika ikama ya hospitali, kisha fedha ya mshahara itengwe. Hatua moja ikikosekana, tangazo halitoki. Kijana aliyesoma kwa miaka kadhaa, pengine kwa mkopo, hatakaa kijijini akingoja tangazo. Atafungua chumba mjini au atakwenda ng’ambo, na hatuna haki ya kumlaumu. Kwa upande wa sheria msingi upo. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Usimamizi wa namna hiyo unamlinda mgonjwa kwanza. Mahali ambapo taaluma haijulikani, mtu yeyote anaweza kuuza kifaa cha kukuza sauti na kukiita shimesikio, na mzazi aliyeuza ng’ombe ili akinunue hana pa kushitaki.

Kumbe yapo mafanikio makubwa ya kujivunia. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea kwa watoto wasiosikia, huduma ambayo awali iliwapeleka India. Habari ikasambaa, picha zikapigwa, na ilistahili. Lakini upasuaji ule huchukua saa chache tu. Baada yake kifaa huwashwa, hurekebishwa mara kwa mara, na mtoto hufundishwa kwa miezi na miaka kwamba ile sauti ngeni ni jina lake, ile nyingine ni mvua juu ya bati. Kazi hiyo haina kamera. Mtaalamu akikosekana karibu na nyumbani, kifaa cha mamilioni hubaki pambo. Treni ya mwendokasi iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeufupisha mwendo kwa mtu wa mjini, lakini mama wa Chamwino au Chemba bado hawezi kusafiri kila wiki mbili. Hata shimesikio la kawaida lina matunzo yake: betri, vumbi letu la Dodoma, na ile sehemu inayokaa ndani ya sikio ambayo lazima ibadilishwe kadiri mtoto anavyokua.

Kuna ugumu mwingine ambao huzungumzwa kidogo mno. Vipimo vingi vya usemi vimetungwa kwa lugha za Ulaya. Mtoto wa Kigogo wa miaka mitatu anapaswa kuwa anatamka nini? Na yule wa Kirangi? Na Msandawe, ambaye lugha yake ina vidoko visivyomo katika Kiswahili wala Kiingereza? Mtaalamu aliyefundishwa kwa orodha ya maneno ya Kiingereza anaweza kumwandikia mtoto mzima kwamba ana kasoro, kumbe mtoto anasema vema kabisa lugha ya bibi yake. Aidha anaweza kumpita mwenye kasoro ya kweli akidhani ni lafudhi. Hapa wanaisimu wa vyuo vyetu wana kazi ya kufanya pamoja na watu wa afya, na kazi hiyo hakuna mfadhili wa nje atakayetufanyia.

Nisieleweke kana kwamba kila kiziwi lazima afundishwe kutumia midomo. Historia inatuonya. Padre Charles-Michel de l’Épée, Mfaransa wa karne ya 18, alifungua Paris shule iliyowafundisha viziwi kwa ishara. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan ukaamua kwamba ishara ziachwe, watoto wafundishwe kusema tu, na madhara yake yakaenea duniani. Hapa nchini shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa huko Tabora mwaka 1963, nayo ilianza kwa njia hiyohiyo ya midomo. Chama cha Viziwi Tanzania kimedai kwa muda mrefu kwamba lugha ya alama iheshimiwe kama lugha kamili, nacho kina haki. Mtaalamu mwema hamchagulii mzazi upande. Humpima mtoto mapema, humweleza mzazi ukweli, na humfungulia milango yote miwili, kwa sababu mtoto aliyekosa lugha yoyote katika miaka mitatu ya kwanza amepata hasara ngumu sana kuifidia. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa kwingi ni kumpima mtoto kabla hajatimiza mwezi mmoja, kuthibitisha kabla ya miezi mitatu na kuanza huduma kabla ya miezi sita. Kipimo cha awali chenyewe ni chepesi: kifaa kidogo huwekwa sikioni, hutoa mlio, na sikio zima hurudisha mwangwi hafifu ambao mashine huunasa. Mtoto anaweza kuwa amelala.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unaweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, ni kinga ya masikio pia. Sikio linalotoa usaha ni ugonjwa wa kupelekwa zahanati. Si la kumiminiwa mafuta ya moto. Na hapa, wapendwa waamini, niseme neno kuhusu vipaza sauti vyetu. Mwaka 2022 Shirika hilo lilipendekeza kwamba wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100. Zipo sherehe zetu za kigango ambapo watoto wa kwaya hukaa mbele ya spika zenye ukubwa wa kabati kwa saa tano, na hakuna anayejiuliza lolote.

Kanisa linaendesha hospitali, vituo vya afya na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Bugando. Naona si haki kuisubiri Serikali ianze kila jambo. Hospitali yenye wodi ya wazazi inaweza kununua kifaa kimoja cha kuwapima watoto wachanga na kumfundisha muuguzi wake kukitumia. Jimbo linaweza kumsomesha kijana mmoja kwa makubaliano ya kurudi kufanya kazi. Lakini mishahara ya kudumu, muundo wa kada na nafasi katika ikama viko mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023 imefungua mjadala wa huduma zipi zimo katika kitita na zipi hazimo. Shimesikio na vipindi vya tiba ya usemi vitajwe humo waziwazi. Bunge la bajeti hukaa hapahapa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na Dominika za miezi hiyo wabunge wengi husali katika makanisa yetu. Baada ya Misa husimama nje kusalimiana na watu. Wazazi wa watoto hawa wasiogope kuwasogelea na kuwauliza ni lini hospitali ya wilaya yao itaajiri mtaalamu wa kwanza.